Batri Iliyonyamaza Katikati ya Salamu

Kamina, Jumapili alasiri

Mwanangu Mukendi,

Umekwenda na dada yako kumuaga shangazi, na ninavyomjua shangazi yako hatawaachia kabla hamjala mara mbili. Kwa hiyo nimebaki na meza peke yangu. Treni ya Elisabethville inaondoka kesho asubuhi. Barua hii utaikuta huko huko, ndani ya sanduku, chini ya shati lako jeupe. Usikasirike kwamba sikukuambia haya kwa mdomo. Wiki hii nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na furaha nyingi mno, nikaona haya kuiharibu. Mara ya pili nilianza vizuri, halafu nikajisikia nazungumza habari ya viatu.

Mambo ya viatu, chakula, kanisa gani la kusali na nani wa kumpelekea salamu, mama yako amekwisha kukueleza yote, tena zaidi ya mara moja. Mimi nataka kuandika habari ya kazi unayoiendea.

Unakwenda kuuza redio. Tangu barua ya yule tajiri wako ilipofika, hujaacha kutusimulia: duka lenye kioo kikubwa mbele, redio ndogo unazoweza kubeba mkononi kama kitabu cha sala, zinazosema kwa batri ndogo tu kama zile za tochi. Unasema kila mtu atataka moja. Unasema biashara hii haiwezi kurudi nyuma, maana hakuna mtu aliyekwisha kusikia redio akakubali tena kukaa kimya. Nilikuwa nakusikiliza nikiwa nimeinamia sahani yangu, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi, katika nyumba hii hii, mbele ya mama yako huyu huyu.

Nina wasiwasi, Mukendi. Siwezi kuuita kwa jina lingine. Pale gare, stesheni ninapopakia mizigo, tunaona mambo kabla watu wengine hawajayasoma kwenye gazeti. Tangu mwaka jana mabehewa ya shaba yamepungua. Makasha ya vyombo vya Wazungu yameongezeka: vitanda, piano, mashine za kushonea, vyote vimeandikwa majina ya miji ya Ulaya. Wanasema ni likizo tu. Mtu haendi likizo na piano. Na bei ya shaba ikianguka huko mbali, hapa kwetu watu hawaachi kwanza chumvi wala sabuni. Wanaacha redio. Fundi wa reli aliyekuwa anakuja kila Jumamosi kugusa vifungo vya redio dukani, ghafla anapita upande wa pili wa barabara akitazama mbele. Nilimwona akipita hivyo mbele ya duka langu mwenyewe, miaka ile. Kwa hiyo nataka ujue nilichofanya nilipomwona.

Ulikuwa mdogo nilipoacha kazi yangu ya kwanza ya reli. Nilikuwa katika chumba cha batri za simu na telegrafu. Kazi yangu ilikuwa kupima, kuongeza maji, kusafisha vichwa vya shaba, kuandika katika daftari ni batri gani imechoka. Niliipenda. Nilikuwa na kipimo kidogo cha mshale ambacho mkubwa wangu aliniachia alipostaafu. Ukigusisha nyaya zake mbili kwenye batri, mshale unapanda na kukuambia ukweli. Hakuna mtu katika maisha yangu aliyeniambia ukweli mara nyingi kama mshale ule.

Kisha zikaanza kusikika lugha zetu redioni. Unakumbuka labda jinsi watu walivyosimama nje ya baa ya Mreno, kwenye jua, bila kununua kitu, ili wasikie tu mtu akisema Kiswahili kutoka Leopoldville. Mimi niliwatazama watu wale nikaona duka. Nilimwambia mama yako:

"Ngalula, bantu bote hawa batanunua redio. Leo ao kesho."

Akaniuliza, "Na batakuya kuiwasha na nini? Ku site yetu hakuna moto ya umeme."

"Batri. Redio utauzisha mara moja. Batri utauzisha kila siku."

Niliona fahari kubwa kwa jibu lile. Na kwa kweli kwa miaka kadhaa lilikuwa jibu zuri. Umeme ulikuwa upande wa Wazungu na pale kwenye karakana. Kwetu, katika site ya watu weusi, ilikuwa taa za mafuta. Redio za wakati ule zilikuwa sanduku la mbao, na ndani taa za kioo zilizohitaji nguvu nyingi. Batri yake ilikuwa nzito kama matofali mawili. Ikiisha, imekwisha, unanunua nyingine. Mgiriki mmoja wa Elisabethville alikuwa ananipelekea mzigo kwa treni, na mzigo ulikuwa haulali. Shaba ilikuwa juu, reli ilikuwa inaajiri watu, madreva walikuwa wanaoa na kila bibi arusi alitaka redio juu ya meza yenye kitambaa. Wewe ulikwenda shule ya Kaniama kwa fedha za batri. Nadhani hukujua hilo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufikiri kwamba ninaiona njia yote kwa sababu ninaona hatua mbili za mbele. Mgiriki aliniandikia kwamba bei itapanda, afadhali nichukue mzigo mkubwa mapema. Sikujiuliza kwa nini mtu anayejua bei itapanda anataka kuuza leo. Niliagiza batri za kujaza ukuta mzima wa nyuma. Mwezi ule ule reli ikapunguza saa za kazi. Halafu wakaja watu wa nguzo, wakachimba mashimo kando ya barabara kubwa, na habari ikaenea kwamba umeme unaingia kwetu. Haukuingia. Nguzo zilisimama muda mrefu bila waya. Lakini habari peke yake ilitosha. Kila mtu akasema, kwa nini ninunue redio ya batri, nitangoja ile ya waya. Nilikuwa na duka lililojaa, katika mji uliokuwa unangoja.

Sasa kuna jambo moja la batri ambalo tajiri wako mpya anaweza asikuambie, ingawa redio zako ni ndogo. Batri inazeeka hata kama haijaguswa. Inakaa rafuni, karatasi yake inang'aa, na ndani inakufa polepole. Joto la Kamina linaiharakisha. Mimi nilijua hayo kuliko mtu yeyote mjini, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na kipimo. Kila Jumatatu nilipima, na kila Jumatatu mshale ulipanda kidogo kuliko wiki iliyopita. Kisha nikafanya kitu ambacho nakikumbuka mpaka leo: nilifunga kipimo katika kitambaa, nikakiweka juu ya kabati. Nikaanza kuuza bila kupima. Nilijiambia kwamba sijui hali ya batri hizi, kwa hiyo simdanganyi mtu.

Ndipo akaja Mama Banza.

Unamjua kama yule mama mzee anayekuletea samaki wakavu wa Mulongo. Unajua kwamba ananiita kwa ukali na mimi naitika haraka. Hujui kwa nini, kwa sababu mwaka ule ulikuwa Kaniama. Mume wake alikuwa mfunga breki wa treni, alikufa kwa homa, na mtoto wao mmoja tu, Banza, aliingia jeshini akapelekwa Leopoldville. Redio yao ilikuwa ya marehemu. Ilikuwa imekaa kimya tangu msiba, na juu yake aliweka picha.

Aliingia dukani siku ya Ijumaa, na barua mkononi. Alikuwa amesomewa na mwalimu wa shule, lakini alitaka kuisikia tena, nikamsomea. Banza aliandika kwamba askari wamepewa nafasi ya kusalimu wazazi wao redioni, Jumapili ile, saa kumi ya mchana, na kwamba jina lake limo.

"Baba Mukendi," akaniambia, "minyi nataka batri ya nguvu. Siyo ile ya kulala-lala. Mutoto wangu atasema mara moja tu."

"Ndiyo, Mama."

"Hii njo muzuri?"

Nilikuwa nimekwisha kuweka juu ya meza moja ya zile za ukuta wa nyuma. Nilikuwa nayo moja mpya kweli, iliyofika peke yake kwa treni ya wiki ile, kwa ajili ya karani wa posta aliyekuwa ameiagiza. Ningeweza kumpa Mama Banza ile. Karani angengoja wiki moja, basi. Lakini karani alikuwa mteja wa kila mwezi, na huyu alikuwa mjane ambaye angenunua mara moja. Hayo niliyafikiri, Mukendi, kwa maneno hayo hayo, haraka kama mtu anavyofukuza nzi.

"Iko muzuri," nikasema.

Jumapili uwanja wake ulijaa. Alikuwa amefagia mpaka barabarani. Alileta redio nje, juu ya kiti, akaifunika kitambaa ili jua lisiipige. Mimi nilialikwa kama mgeni wa heshima, kwa sababu ni mimi niliyefunga nyaya. Mama yako alikuwapo. Saa kumi ikafika, sauti ikaja vizuri, na mimi nikapumua. Waliwaita askari mmoja mmoja, kila mtu na lugha yake. Wa nne, wa tano. Niliisikia sauti ya mtangazaji ikianza kuwa nyembamba, nikajua. Nilisogeza kiti changu karibu kana kwamba kusogea kwangu kutasaidia. Halafu wakamwita Banza.

Mama yake akapiga kelele moja ya furaha, watu wakamnyamazisha. Tukasikia: "Mama yangu wa Kamina, ni minyi Banza. Niko muzima. Usilie. Na tena, Mama, nataka—"

Ikanyamaza.

Niliruka, nikashika vifungo, nikatikisa nyaya. Palikuwa na mlio mdogo kama wa mbu, halafu hata huo ukaisha. Watu wote walinitazama. Mama Banza alikuwa bado ameinama, sikio karibu na kitambaa, anangoja.

"Baba Mukendi," akasema taratibu, "alisema anataka. Anataka nini?"

Ningeweza kusema pale. Nimerudi mahali pale mara nyingi kuliko mahali popote duniani. Nilikuwa na mkono juu ya batri, ilikuwa ya moto. Nikasema:

"Ni kule Leopoldville. Banamukata. Wakati wake uliisha."

Alikubali. Ndilo lililoniuma baadaye, kwamba alikubali bila swali, kama mtu aliyezoea kukatwa. Akasema, "Eeh. Sisi bantu badogo, banatukata tu." Akawashukuru watu, akawagawia pombe na karanga alizoziandaa, akanishukuru na mimi.

Nilidhani imekwisha hapo. Lakini mama yule alikaa siku mbili akiligeuza lile neno, na siku ya tatu alikuwa na jibu. Banza alitaka kusema kwamba anakuja. Mtu akisema "nataka" kwa mama yake, atataka nini tena? Anataka kurudi kumwona. Kwa hiyo akaanza kwenda gare. Kila treni ya watu iliyotoka upande wa Port-Francqui, ambako mashua za Leopoldville huishia, alikuwapo, na chungu cha chakula cha mwanawe kimefungwa kitambaani. Ili kufika gare ilimbidi apite mbele ya duka langu. Alikuwa ananipungia mkono. Kurudi, alipita tena na chungu kile kile, na alinipungia tena.

Kwa wiki nyingi nilimwona hivyo. Wakati huo huo alikuwa anamwandikia Banza kupitia kwa mwalimu, na majibu hayakuja. Akaanza kukonda. Mama yako alimpelekea unga, akarudi akaniambia, "Anasema Banza amekasirika na yeye. Anasema labda siku ile alisikia kelele yake redioni." Ilikuwa haiwezekani, redio haipeleki sauti huko, lakini nani wa kumweleza? Mimi ndiye mtaalamu, na mimi nilikuwa kimya. Nilianza kufunga mlango wa mbele siku za treni, nikisema napanga mzigo.

Nilimwambia mama yako kwanza. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza kunisikiliza aliniuliza kitu kimoja tu: "Na ile ya muzuri, ulimupa nani?" Nikamwambia, karani wa posta. Akaweka ungo chini, akaenda kukaa nje. Kesho yake akaniambia, "Leo kuna treni."

Basi nikamfuata Mama Banza njiani, alipokuwa anapita. Nilitembea kando yake na kumwambia. Sikuweza kumtazama; nilikuwa nakiambia kile chungu. Nilisema batri ilikuwa nzee, nilisema nilijua, nilisema Leopoldville hawakumkata mtu.

Alisimama katikati ya barabara, mpaka mwenye baiskeli akatupigia kengele.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Wakati ulisema iko muzuri, ulijua?"

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alinipa chungu.

"Beba," akasema. "Kuya na minyi."

Nilikibeba mpaka gare. Nilisimama naye kwenye jukwaa, mbele ya watu wote niliofanya nao kazi zamani, nikiwa na chungu cha mama wa mtu mwingine mikononi. Treni ikaja. Milango ikafunguka. Alitazama kila mlango, Mukendi, mmoja mmoja, kuanzia mbele hadi nyuma, na mimi nikatazama pamoja naye, na kila askari aliyeshuka moyo wangu uliruka kama ni mimi niliyemzaa. Watu walipokwisha kuondoka na wafagiaji wakaingia mabehewani, alinigeukia.

"Hivi njo nafanya," akasema. "Kila mara."

Sikurudi dukani siku ile. Nilikwenda chumba cha telegrafu, kwa rafiki yangu wa zamani aliyebaki pale, nikamweleza yote bila kuficha, kwa sababu nilihitaji aone aibu yangu ili asikatae. Haikuruhusiwa kutumia waya kwa mambo ya nyumbani. Hata hivyo akaanza kugonga. Aliuliza Port-Francqui, na mtu wa Port-Francqui akauliza mtu wa mashua aliyekwenda Leopoldville, na kwa njia hiyo ya mdomo na waya, baada ya siku nyingi, jibu likarudi. Banza hakuwapo tena Leopoldville. Alihamishwa Stanleyville wiki ile ile ya salamu. Hilo ndilo alilotaka kusema: Mama, nataka ujue nahama, usiniandikie tena hapa. Barua zote za mama yake zilikuwa zimelala katika kambi ambayo hakuwamo. Naye, kama tulivyokuja kujua baadaye, huko Stanleyville, kwa miezi ile yote, aliamini kwamba mama yake amesikia na amenyamaza kwa makusudi.

Mama Banza aliniita nije na kalamu. Hakumtaka mwalimu. "Weye utaandika," akasema, "na jina yako utaitia." Niliandika barua ile katika uwanja wake, nikiwa nimekaa juu ya kiti kilichobeba redio, na kila sentensi alinifanya nimsomee. Banza alimjibu mama yake kwa kurasa nne. Kwangu mimi hakuandika hata mstari, na mwaka uliofuata, alipokuja likizo kwa kweli, alinisalimu kwa mkono na kutazama pembeni. Sasa ana watoto wawili. Bado anatazama pembeni.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu wakubwa hupenda kudanganya watoto wao. Nilishusha kipimo kutoka kabatini. Nilipima batri zote, na zilizokufa nilizizika nyuma ya nyumba, kwenye shimo ambalo mama yako alitaka kupanda ndizi. Nilikwenda kwa wale waliokwisha kuzinunua, nikawaambia. Ungetaka nikuandikie kwamba watu walinisifu na duka likajaa. Halikujaa. Watu walisema, kumbe yule Tshibangu anauza batri za maiti, wakaenda kwa mwingine, ambaye batri zake zilikuwa nzee kama zangu na mdomo wake umefungwa. Kisha zikafika redio ndogo, hizi zako, na masanduku yangu ya mbao yakawa viota vya kuku. Nilifunga duka, nikarudi kuomba kazi reli, nikapewa ya kupakia mizigo, chini ya vijana niliokuwa nimewafundisha kupima batri. Wewe ulirudi Kaniama ukanikuta hivyo, na nilikuambia kwamba biashara ilinichosha. Ilikuwa uongo pia. Naomba unisamehe huo.

Kwa hiyo sikuandikii kwamba ukisema kweli utafanikiwa. Sijui kama utafanikiwa. Najua tu kwamba tangu siku ile ya chungu nalala, na kabla yake nilikuwa silali, na mama yako ameanza tena kucheka mbele yangu.

Ninachoogopa ni hiki. Wewe utakuwa mgeni pale, kijana wa mwisho kuajiriwa. Mambo yakiwa magumu, tajiri atakupa rafu ya nyuma. Atakuambia, Mukendi, hizi zitoke kwanza. Hatakuambia udanganye, hakuna anayesema neno hilo. Atakuambia uwe mwepesi, mteja asipewe nafasi ya kuuliza mengi. Nawe utakuwa na chumba cha kulipia na pengine msichana wa kumpendeza, na atakuja mtu kama Mama Banza, asiyejua kusoma karatasi ya batri, na atakuuliza neno dogo: hii njo muzuri? Utakuwa na muda mfupi sana wa kujibu. Ukiweza, usijibu upesi. Mimi nilijibu upesi.

Naogopa na mengine ambayo sijui niyaandike vipi. Watu wameanza kuulizana makabila kabla ya salamu. Juzi pale gare kijana mmoja aliyekula kwetu tangu mdogo aliniuliza ni lini sisi watu wa Kasai tutarudi kwetu. Wewe umezaliwa Kamina. Nikacheka tu. Elisabethville huenda wakakuuliza hivyo hivyo, na huenda swali likawa limebeba rungu. Kama kazi ikibadilika kuwa hatari, iache. Redio ni mbao na waya tu.

Tena, nimeweka kipimo changu sandukuni, ndani ya soksi. Ni cha zamani na mshale wake umelegea kidogo upande wa kushoto, lazima ukigonge kwa kidole kabla hujakiamini. Watakucheka labda. Wacha wacheke.

Nawasikia mnarudi, dada yako anaimba barabarani. Mama yako amesimama nyuma yangu tangu nilipoanza ukurasa huu. Hajui kusoma, lakini anajua ninachoandika, kwa sababu aliponiona nimetulia kwenye mstari mmoja muda mrefu aliweka mkono begani mwangu. Nimemuuliza kama ana neno la kukutumia. Nilidhani atasema habari ya maji ya kuchemsha. Amefikiri, kisha amesema, na ninaliandika kama alivyolisema:

"Muambie habari ya mubaya aandike mbiyo-mbiyo. Ile ya muzuri inaweza kungoya."

Ni mimi baba yako,
Tshibangu